Utepe wa Mlangoni

Nilifunga safari kwa sababu ya simu moja. Sista Mumbua, muuguzi mkuu wa kituo kidogo cha afya ng'ambo ya Nuu, alinipigia nikiwa Kathonzweni, ambako ninafanya utafiti wa watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Dawa yangu si ya ajabu: mtoto analazwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, wanafungwa pamoja kwa leso, na joto la mama linamlea.

"Daktari, nina kamtoto hapa kanapoa," alisema. "Nikikapasha joto, baada ya muda kamepoa tena. Njoo utuonyeshe, la sivyo tutakapoteza haka katoto."

"Si mmejengewa wadi mpya, yenye joto?"

"We njoo tu utajionea," akajibu.

Asubuhi niliwasha gari. Kathonzweni ilikuwa na ile baridi ya Julai inayotutoa watu wa Ukambani nje kuota jua ukutani. Nikapita Wote, nikazunguka kwa Machakos, jioni nikaingia Kitui. Njia nzima niliwaza jambo moja: kama mimi mtu mzima natetemeka na sweta, mtoto mwepesi kuliko pakiti ya unga atafanyaje?

Kesho yake nilifika Mwingi, nikanywa chai nikiwa nimesimama, kisha nikaiacha lami. Barabara ya Nuu ni vumbi tupu na mito ya mchanga, na mbuzi wa huko hawana haraka ya kumpisha mtu. Niliwapigia honi mpaka nikaona aibu.

Saa sita mchana nikafika. Wadi mpya ndiyo niliyoiona kwanza: imepakwa rangi ya maziwa, sola juu ya paa inapigwa na jua bure, vitanda ndani vingali na nailoni zake. Na mlangoni, kitasa hadi kitasa, utepe mpana mwekundu.

Mama wa mtoto, msichana aliyeitwa Kavata, alikuwa kwenye benchi koridoni, upepo ukimpitia huku na huku. Mama mkwe wake, Syombua, alisimama upande unakotoka upepo, ametandaza koti lake kumkinga mjukuu. Mama mzima amegeuzwa ukuta!

"Sista, wadi si hiyo?"

"Haijazinduliwa," akasema, macho chini. "Tunangoja mgeni rasmi. Ameahirisha tena. Na hii ya zamani imejaa."

"Funguo ziko na nani?"

"Ninazo. Lakini nikikata huo utepe, daktari, nitahamishwa mpaka nisahau kwetu."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Ati mgeni rasmi! Mgeni alikuwa huyo aliyefika juzi, tena kabla ya siku yake, na sisi tumempokea kwa benchi. Nilisema hayo kwa sauti, na sikujali ni nani ananisikia.

Lakini kelele hazimpashi mtoto joto. Nilimvua nguo, nikamwachia kofia na nepi, nikamlaza kifuani pa Kavata. Miguu yake ilikuwa baridi kama bomba la maji. Tukafunga leso, ikateleza. Tukafunga tena, ikateleza. Ilikuwa imechakaa, na kila Kavata akivuta pumzi fundo lilifunguka na mtoto akashuka tumboni.

Syombua alitutazama kidogo, akavaa koti lake, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa wadi.

"Mwaitu, mama yangu, usikate!" Sista akapiga ukemi.

"Nani anakata? Nafungua. Mimi nimefunga mizigo ya punda tangu nikiwa msichana."

Akarudi na utepe mkononi, akauzungusha juu ya leso, akauvuta, akafunga fundo mgongoni mwa Kavata. Mtoto hakuteleza tena. Kisha akamgeukia Sista. "Haya, leta funguo. Hakuna kitu ya kukatwa hapo tena."

Sista alifungua mlango. Tulichana nailoni sote. Jioni niligusa ile miguu nikaikuta imepata joto, nikaigusa tena kwa sababu sikuamini, na Kavata akanicheka kwa mara ya kwanza.

Nilirudi Kathonzweni kwa njia ile ile, bado nimekasirika, na mpaka leo sijatulia. Miaka yote nimeandika kwamba vijijini tunakosa vifaa. Kumbe vifaa vilikuwepo, hatua chache kutoka kwenye benchi, vikimngojea mtu mwenye afya yake aje apigwe picha.

Baadaye Sista alinipigia. Mgeni rasmi alikuwa amekuja, na mahema, na viti vya plastiki, na mkasi juu ya mto mdogo. Msaidizi wake aliingia wadini akifoka: utepe uko wapi?

Syombua akamwonyesha mgongo wa Kavata.

"Uko kazini," akamwambia. "Na usipige kelele, mtoto amelala."