Haluli ya Bibi Harusi

Utotoni kwetu Majengo, kila shule zilipofungwa tulijua kinachotungoja: haluli. Watu wazima waliamini kwamba tumbo la mtoto hukusanya uchafu muhula mzima, na kwamba usipotolewa hupanda kwenye damu, ukazaa majipu, homa na hata utukutu. Basi asubuhi, kabla ya kutia kitu mdomoni, tulinyweshwa maji ya sanamaki, majani yaliyochemshwa hadi yakawa meusi, kisha tukashinda tukigombania choo kimoja cha ploti nzima. Jioni tulikuwa hoi, macho yameingia ndani, nao wakatutazama kwa kuridhika. Tumesafika, walisema.

Mkuu wa imani hiyo alikuwa Shangazi Mwanahawa, dada mkubwa wa baba. Yeye mwenyewe sikumwona akiinywa. Alidai watu wa umri wake walishasafika zamani. Imani ambayo maumivu yake huwapata wengine haichoshi kuishika.

Dada yangu Rukia alipoposwa, shangazi alihamia kwetu na mfuko wa majani. Bibi harusi, alisema, hawezi kuingia kwa mume na damu chafu. Rukia alikuwa msichana mzima, anacheka ovyo, ngozi yake iking'aa bila msaada wa mtu. Akakatazwa chakula, akapewa sanamaki asubuhi na jioni, na kati yake maji ya ndimu. Alitii. Baba alikuwa safarini na lori, na mama, mbele ya wifi yake, alizoea kunung'unikia jikoni.

Kilichonishangaza hata wakati ule ni jinsi kila kitu kilivyogeuzwa kuwa ushahidi. Rukia akiumwa kichwa, uchafu unapanda. Akitetemeka, uchafu unatoka. Alipoanza kuendesha maji matupu, shangazi alitangaza kwamba sasa tumeufikia uchafu wa zamani. Nikauliza mbona kadiri anavyosafika ndivyo anavyoharibika. Nikaambiwa mtoto hadakii mambo ya watu wazima.

Siku ya hina, wanawake walikuja adhuhuri kumpaka. Walikuwa wameanza mkono wa kwanza ulipowaponyoka. Rukia alilala kando ya mkeka, midomo imekauka, akiitwa haitiki. Mama alitoka jikoni, akamtazama, akamwinua kwapani. Shangazi alisimama mlangoni.

"Ukimtoa sasa, wifi, uchafu wote utarudi."

"Nimemzaa mimi," mama akasema. "Ana uchafu gani nisioujua? Nipishe."

Sauti yake haikupanda, na labda ndiyo maana shangazi alisogea. Jirani mmoja aliyekuwa akibeba mizigo ya mitumba soko la Gikomba alileta mkokoteni wake. Tukampitisha bibi harusi katikati ya soko, hina mbichi ikimchirizika hadi kwenye kiwiko, watu wakitupisha wakidhani tumebeba maiti. Kwa mwendo mzima mama alimshika kichwa kisigonge mbao.

Zahanatini walimtundikia dripu. Mwili ulikuwa umekauka, walisema. Kidogo tu tungechelewa. Kesho yake Rukia aliomba chai na mahamri, na mama akalia kwa mara ya kwanza.

Harusi ilisogezwa mbele, ikafanyika. Shangazi alikaa mbele kabisa, akiwaeleza wageni kwamba uso ule unaong'aa ni kazi ya majani yake. Watu wakampongeza.

Nilidhani ujinga ule utazikwa na kizazi chake. Leo naishi Umoja, na binti wa jirani yangu, msomi, hunywa juisi ya kijani aliyonunua kwenye simu, eti inafua ini. Nilipomkuta ameegemea ukuta wa ngazi kwa kizunguzungu, alinituliza: "Ni kawaida, anti. Ni sumu inatoka." Nikamuuliza ni sumu gani, inaitwaje. Hakujua. Hata anayemuuzia hajui, wala haimsumbui. Ini na figo hufanya kazi hiyo tangu tulipozaliwa, bila matangazo, na zikishindwa kweli mtu hupelekwa hospitali, hapelekewi chupa ya matango yaliyosagwa. Majani yamebadilika, chupa imependeza. Ulaghai haujabadilishwa hata neno: ukiugua dawa inafanya kazi, ukipona dawa imefanya kazi.

Shangazi simchukii; alikufa akiamini. Nalidharau lile wazo lenyewe, kwamba msichana mzima, aliyeoga na kula na kucheka, ana kinyaa fulani ndani yake ambacho watu wengine ndio wanaokiona. Rukia alikaribia kufa kwa uchafu ambao haukuwapo.

Mama hakuhubiri lolote baada ya siku ile. Shule zilipofungwa tena tuliamka tukijua zamu yetu imefika, tukakaa tukingoja kuitwa. Alituita. Mezani kulikuwa na mbaazi za nazi na chai ya maziwa, naye akatuambia tule haraka kabla hazijapoa.