Mji wa Maboksi

Siku ile tulikuwepo mimi, mdogo wangu na baba mdogo, aliyekuja Kivinje kumchukua baada ya arobaini ya mama. Hadi leo nikisikia harufu ya chokaa mbichi, nauona mji wetu mkekani, nyumba za maboksi ya sabuni za nje, vizibo vya soda vikiwa askari. Sheria yetu ilikuwa moja: nyumba iliyopakwa chokaa haitekwi.

"Haya bwana mdogo, gari la Mingoyo halisubiri!" baba mdogo akamwita.

Mdogo wangu akaniletea kopo la chokaa. "Dada, nipake na mimi."

Nikampaka kwenye paji la uso. Baba mdogo akacheka, akamfuta kwa kanga ya mama, akambeba.

"Nitakufuata nikipata nyumba," nilimwambia.

Leo nyumba ninayojenga imefika lenta, juu ya madirisha. Bado ananidai ahadi ile.