Nilivyopewa gono ya Nakonde, kumbe ni maziwa ya shemeji

Wakuu, habari za humu. Chumvi sijaongeza, yaliyonikuta yalikuwa na yake ya kutosha.

Enzi hizo Tunduma bado tuko mkoa wa Mbeya. Nauza vitenge, leo Tunduma, kesho Nakonde upande wa Zambia. Zikaanza homa za jioni, jasho, kiuno kinauma, kisha korodani moja ikavimba.

Nikaenda maabara ya mtaani. Pale ukiingia na homa unatoka na typhoid, hata kama ulikuja kuuliza njia.

Jamaa akachungulia mkojo wangu kwenye darubini muda wa kupiga chafya. "Gono hii bro. Punguza Nakonde."

Wife akasikia, akabeba watoto, akaenda kwao Ileje. Iliniuma wakuu, maana Nakonde nilichokuwa nagusa ni vitenge na ubwali, ugali wao, tu.

Sindano zikaisha, uvimbe upo. Nikapanda hospitali kubwa Mbeya. Wakachukua damu waioteshe, waone ni bakteria gani.

Sasa kisipoota kitu mapema, sahani ya kuoteshea inatupwa. Bahati yangu aliyetakiwa kuitupa alikuwa mvivu, akaiacha, akakimbilia sikukuu ya Pasaka. Kurudi, akakuta vidoa vidogo vidogo. Akasema ni uchafu.

Bosi wake, mama mmoja mkali, akamzuia. Akavipima upya, akaniita. Habari za wanawake hakuuliza.

"Baba, maziwa mabichi unakunywa wapi?"

Kamsamba. Kwa shemeji, kaka yake wife, anafuga ng'ombe kule. Ukiomba yachemshwe anakucheka: "Ya kuchemsha tunawapa waliojifungua."

Kumbe ni Brucella, bakteria wa ng'ombe. Anaota polepole, ndiyo maana wenye haraka hawamwoni.

Nikaanza dawa, nikaenda kikao cha ukweni Ileje. Msemaji mkuu nani? Shemeji.

"Umetuaibisha. Mwanaume mwenye heshima zake hapati ugonjwa huo."

Zamu yangu nikaeleza yote: homa, jasho, kiuno, uvimbe, na maziwa yake.

Shemeji akajikuna shingo, akasogeza stuli karibu yangu, akanong'ona mkewe asisikie:

"Hiyo dawa inaitwaje?"

Mkewe alisikia.

Wife nilirudi naye. Shemeji naye alipona, ila ukweni hadi leo kiti cha msemaji kiko wazi.

Funzo: chemsha maziwa, na ndoa yako usimpe mtu mwenye haraka aisome kwenye darubini.

Nani mwingine alishabandikwa ugonjwa usio wake? Tiririka.