Msamaria wa Mkono wa Kushoto

Wytske alizaliwa na mkono wa kushoto mwepesi, na kwa hilo alikiona cha mtema kuni. Shuleni mwalimu aliufunga kwa leso nyuma ya mgongo. Alipoolewa na Douwe, mfugaji wa ng'ombe nje ya mji wa Harlingen, mama mkwe wake, Bi Jeltje, alimpokea hivi: "Mkono huo utakamulia ng'ombe, mkaza mwanangu. Mezani kwangu, hapana." Na Bi Jeltje akisema hapana, hata mchungaji wa kanisa hakuwa na la kuongeza.

Wytske akatii miaka kumi na miwili. Kila Jumamosi alifuta vigae vya ukuta wa meko, vya bluu na nyeupe, kila kimoja na kisa chake cha Biblia: Yona akitapikwa na samaki, Eliya na kunguru wake. Alivichora marehemu baba yake Bi Jeltje, fundi wa kiwanda cha vigae, viwe zawadi ya harusi ya binti yake. Mwaka wa kwanza tu Wytske aliona jambo. Msamaria Mwema alikuwa anammiminia majeruhi mafuta kwa mkono wa kushoto! Mafundi wale hufuata karatasi ya picha iliyotobolewa kwa sindano, wakiipaka unga wa mkaa upenye matundu na kuacha alama kwenye kigae. Ukiigeuza, picha nzima inageuka. Mzee aliigeuza. Wytske akawa anakifuta kigae hicho mwisho, polepole, na hakumwambia mtu. Baba wa watu kachora kwa mapenzi. Amwaibishe ya nini?

Ikaja baridi ile mbaya. Bi Jeltje akapooza, akawa mtu wa kulishwa kitandani pake, mkabala na meko, na wiki hiyohiyo Wytske akateleza kwenye barafu, akavunjika mkono wa kulia. Douwe akajaribu kulisha, uji ukampalia mama yake nusura umuue, naye akaapa hashiki tena kijiko. Wytske akakishika kwa kushoto. Mama mkwe akafumba mdomo. Siku mbili nzima! Ukaidi gani huo, jamani?

Siku ya tatu daktari akasema asipokula hafiki Jumapili. Wytske akapasha uji wa shayiri, akakaa kitandani, machozi yakamtoka.

"Mama, nakuomba. Usife kwa sababu ya mkono wangu."

"Bora nife na heshima zangu."

"Basi mtazame Msamaria. Anamimina kwa mkono gani?"

Bi Jeltje akageuza shingo kwa taabu. Akatazama. Akatazama tena.

"Baba aligeuza karatasi," akasema. "Mzembe yule! Miaka arobaini nalala namtazama." Bega lake lisilopooza likaanza kutikisika, kumbe anacheka. "Wewe umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Na maneno yangu yote yale ukanyamaza?"

"Ni baba yako, Mama. Ningemsemaje?"

Kicheko kikakatika. Bi Jeltje akamtazama mkewe Douwe kama aliyeingia nyumbani leo, machozi yakamlengalenga.

"Haya, lete. Mkono mtupu haulambwi, lakini huo una uji."

Akala. Alikuwa amefika nusu bakuli Douwe alipoingia kutoka zizini, akaduwaa mlangoni.

"Mama! Si huo mkono wa..."

"Funga mlango, baridi inaingia," akasema Bi Jeltje, mdomo umejaa. "Mkono wa mwanangu huu."