Chafya ya Gari la Masanja

Ipo siku moja naikumbuka kuliko siku zangu zote, mwanangu, na tangu uliponunua hilo gari lako la turbo haitoki kichwani mwangu. Hebu kaa kitako. Simu weka mfukoni, haitakukimbia. Najua baba yako hajakusimulia haya, maana kila akijaribu hutoka nje kidogo, eti anaangalia ng'ombe. Basi acha nikusimulie mimi shangazi yako.

Wakati huo nilikuwa msichana wa nyumbani kwetu Nkololo, sijaolewa bado. Kaka yangu Masanja, yaani baba yako, alikuwa kijana wa kazi kwenye kinu cha pamba kule Maswa. Wahenga walisema ujana ni moshi, na wa baba yako ulitokea kwenye bomba la eksozi. Alipata gari dogo la mbio kutoka Mwanza, jeusi, la chini mno, ikabidi alinyanyue springi lisiache tumbo kwenye mawe, maana lami ilikuwa haijafika kwetu.

Mlio wake ulikuwa hivi. Akikanyaga mafuta linapiga mluzi unaopanda, fiiiii! Akiachia linashusha pumzi, pshhh! Halafu nyuma linapasuka, pa-pa-pa, na kuku wote wako chini ya ghala. Masanja alinieleza kwa majivuno kwamba moshi wa injini, kabla haujatoka, unapita kwenye turbo na kuizungusha, nayo turbo inasukuma hewa zaidi ndani ya injini, ndiyo nguvu yenyewe. Na kwa kupita humo, akasema, mlio unapungua. "Sasa mdogo wangu, gari kama hili likinyamaza si dhambi?" Yeye na rafiki zake wakaikata sailensa, kile kizuia kelele cha bomba. Yaani gari lilizaliwa na adabu zake, wao wakaliondolea.

Wewe unangoja nikuambie debe tupu haliachi kuvuma. Sikuambii hivyo. Baba yako hakuwa debe tupu, alikuwa mchapakazi na mwenye huruma. Na mlio ule, nisikufiche, ulikuwa mtamu. Hata mimi nilikuwa nasimamisha jembe nausikiliza. Mcheza kwao hutuzwa, naye alikuja kucheza kwao.

Shida ilikuwa mama yetu, Mayu tulivyomwita. Macho yalikuwa yamemwishia, amebaki na mwanga na vivuli tu. Watu aliwajua kwa sauti na kwa hatua zao. Gari la Masanja alilisikia likiwa bado mbali, upande wa Bariadi, sisi wenye macho hatujasikia kitu. "Limepiga chafya," anasema, maana ile pshhh yeye aliiita chafya, na aliijibu kama tunavyomjibu mtu: "Afya, ng'wanawane." Afya, mwanangu. Hapo anainuka kwenye kigoda, anapapasa ukuta mpaka jikoni, anabandika maji ya ugali. Mimi natumwa nitoe maziwa mgando na kufuta vumbi kwenye kiti cha Masanja.

Na gari linapita.

Zilikuwa siku za mnada wa ng'ombe, kule mbele ya kwetu. Masanja alipakia rafiki zake, kila mmoja kiwiko dirishani, na alitaka wafike mnadani wakisikika. Moyoni alijiambia atapita kwa mama jioni. Jioni inafika, wamechoka, wanapita tena mbele ya kaya yetu na vumbi lao. Jikoni maji yamechemka mpaka yamekauka, na Mayu bado amekaa amegeuzia sikio mlangoni.

Mimi nikaanza kumdanganya. "Si yeye, Mayu. Ni gari la wanunuzi wa pamba." Nilidhani namhurumia. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yangu haikufika hata kwenye ua. Siku moja alinishika mkono, akaukaza. "Macho yangu yameondoka, hiyo ni kazi ya Mungu," akaniambia. "Lakini masikio usiniibie, wewe." Kisha akauliza polepole, "Kwani nimemkosea nini Masanja?"

Lo! Swali lile lilinichoma kuliko fimbo. Kumbe siku zote zile mama hakudhani mwanawe ana mchezo. Alidhani mwanawe amemkasirikia, amemkata, anapita makusudi. Alikuwa akiipitia miaka yote kichwani kutafuta kosa lake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akaanza kuukataa ugali aliousonga mwenyewe, na nguo zikaanza kumpwaya, nami nikaogopa kwamba mama atatufia kwa ajili ya gari.

Ikafika siku nyingine ya mnada. Jua la mchana, barabara inametameta. Nilikuwa natoka kisimani na ndoo kichwani nikausikia ule mluzi unapanda kutoka kwenye kona. Kutazama barabarani, namwona Mayu. Amesimama katikati kabisa, fimbo mkono mmoja, kibuyu cha maziwa amekikumbatia kifuani. Ndoo sijui niliiachaje. Nilipiga yowe, yowe langu likamezwa na bomba la baba yako. Gari likatokeza kwenye kona, breki zikalia, likaserereka ubavu, na vumbi likawafunika wote wawili, gari na mama. Nikakaa chini pale pale, nikasema basi, kwisha.

Vumbi liliposhuka, Mayu alikuwa amesimama vilevile. Bampa ilikuwa karibu kugusa gauni lake. Injini imezimika. Masanja akatoka, hofu imegeuka hasira. "Mayu! Unatafuta nini barabarani? Ningekuua!"

Mama alimsalimia kwanza. "Mwadila, ng'wanawane." Akangoja. Kwetu mazungumzo hayaanzi kabla ya salamu, hata nyumba ikiwaka moto, na Masanja alilijua hilo. Ikabidi aitikie. Ndipo Mayu akasema, bila ukali hata kidogo:

"Umenipigia hodi siku nyingi. Nikasema labda mwanangu anaona mlango umefungwa. Nimekuja kukufungulia."

Baba yako alipiga magoti kwenye vumbi, mbele ya rafiki zake wote. Mayu akampa kibuyu, akaitafuta sura yake kwa viganja. Alipapasa paji la uso, mashavu, akafika kidevuni, akasita. "Umeota ndevu," akasema. "Mbona hukuniambia?" Kaka yangu alilia, mwanangu. Alilia kwa sauti kama mtoto, na mimi kule nilikokaa nikalia, na wale rafiki zake wakashuka, mmoja akaenda kuniokotea ndoo. Mama na mwana wakaenda nyumbani wameshikana mikono. Gari likabaki njiani milango wazi.

Unadhani aliliuza? Wala. Wiki ile ile alitaka kurudishia sailensa, aibu ilikuwa imemshika. Aliyekataa ni Mayu mwenyewe. "Ukilinyamazisha nitakujuaje kuwa unakuja?" Basi likaendelea kulia, ila kuanzia hapo kila lilipolia liliingia. Alikula ugali wa mama yake mpaka masika yale Mayu alipofariki. Siku ya mazishi, Masanja alilizima gari kwenye kona ile, na rafiki zake wale wale wakalisukuma mpaka nyumbani. Hakuna aliyewauliza sababu.

Sasa nikugeukie wewe. Naishi hapa Somanda, bodaboda zinapita mchana kutwa, na bado gari lako nalijua. Alhamisi umepita hapa mara mbili. Mguu huu wa sukari hauniruhusu kukimbilia dirishani, lakini jikoni nafika. Maji ya chai nilibandika. Nikayaepua mwenyewe. Sikununii, mwanangu, ila niliumia, na nimeona nikuambie kuliko ninyamaze halafu nianze kutafuta kosa langu.

Hapo jirani kuna hospitali. Umewahi kuingia wodini saa za jioni? Kila gari likinguruma barabarani, utawaona wagonjwa wanageuza shingo mlangoni. Hawasikilizi turbo wale. Wanasikiliza watoto wao. Nawe unapokanyaga mafuta pale ili vijana wa kijiweni wakushangilie, kuna mzee asiyekujua ambaye umemwinua kwenye mto bure.

Kwa hiyo nasaha yangu si kwamba uache gari wala uache ujana. Ujana wako ni wako, na gari ni jasho lako. Ninachokuambia ni hiki: ukitoa sauti, jua kwamba umemwambia mtu unakuja. Ukishamwambia, fika. Ingia hata kama huna cha kubeba, hata kama una haraka, salamu haichukui muda wa kupoza injini. Na mahali ambapo huna nia ya kuingia, achia mafuta, pita kwa adabu, usiamshe moyo wa mtu kisha ukauacha umesimama mlangoni. Watu wanaokupenda hawatakudai chochote kwa hilo. Watazeeka tu wakijiuliza wamekukosea nini.

Haya, nipe mkono wako. Mungu wa babu zako akuongoze barabarani, akupe breki zinazoshika na macho yanayoona mbali. Akujalie mke, watoto, na ng'ombe wa kujaza zizi. Na kila mtu atakayefurahi kusikia unakuja, asifurahi bure. Wabeja, mwanangu, asante kwa kunisikiliza. Chai iko tayari.