Mizabibu Iliyolazwa Ikakataa Kuamka

Baba huniita maitu, yaani mama, kwa sababu nimebeba jina la mamake. Hata nikiwa nimemkasirikia, neno hilo hunilegeza, naye anajua. Mwaka ule wa kiangazi alilitumia sana.

Shamba letu liko nje kidogo ya Thika. Majirani walipanda mananasi na kahawa; baba akapanda zabibu. Walimcheka. "Mzee, hiyo ni mambo ya Biblia," walimwambia, kisha kila Krismasi wakaja na chupa tupu wajaziwe. Mvinyo tuliutengenezea bandani, nyuma ya zizi, na mama ndiye aliyeuonja hadi alipofariki. Baada ya hapo nikawa natoka Ruiru, ninakopanga nyumba, kila Ijumaa jioni kwenda kumsaidia baba.

Huku kwetu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hivyo mkulima huulaza mwenyewe. Anaunyima maji mpaka majani yaanguke, anaupogoa, halafu anaunywesha, nao unaamka na machipukizi. Baba alikuwa na mtindo wake. Alililaza shamba zima kwa mpigo, masika yakikaribia, ili mvua ndiyo iliamshe. Kisima chetu ni kidogo, na mvua ilikuwa haijawahi kumwangusha.

Mwaka ule akalilaza kama kawaida. Wanaosema dalili ya mvua ni mawingu waje waniambie walikuwa wapi. Mawingu yalikuja kila mchana, yakakaa juu yetu, yakaenda zao. Kisima kikabaki tope. Baba akawa anazunguka mistarini tangu alfajiri, akikwaruza magome kwa ukucha wa kidole gumba, akitafuta kijani ndani.

"Baba, hizi miti zimekauka," nikamwambia.

"Zimelala tu, maitu. Wacha mvua ikuje."

"Na isipokuja?"

"Ai! Unaongea ni kama hujui Mungu."

Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani. Mvua ilipofika, ilifika kwa fujo, ikabeba udongo pamoja na nguzo kadhaa. Mizabibu haikuchipua. Niliketi palepale kwenye matope nikalia kama siku tuliyomzika mama.

Mapipa yalikuwa matupu na wafanyakazi wa shamba walikuwa wakinitazama, wakisubiri malipo, basi nikaanza kununua mananasi kwa majirani, walewale waliotucheka. Mvinyo wa mananasi ukapendwa, Ruiru hadi Githurai. Baba aliuonja, akasema, "Iko tamu," akaweka glasi chini. Hakuimaliza.

Mizabibu iliyokufa tuliing'oa, isipokuwa mstari wa juu. Huo baba aliukatalia. Yeye na mama waliupanda kabla sijazaliwa. Kila asubuhi alichota maji kwa debe, akainywesha ile miti mikavu, mmoja baada ya mwingine. Wafanyakazi walipoanza kucheka niliwafokea vibaya. Lakini na mimi nilimwonea aibu, na moyo uliniuma kwa kumwonea aibu.

Mananasi ya kununua hayakutosha. Tulihitaji kupanda yetu, kwa kuwa nanasi linavumilia kiu, na maji ya kisima hayakuwa ya kumwagia kuni. Jumapili moja, tukitoka kanisani, nikamwambia kwamba mstari wa juu lazima uondoke.

"Basi iwe ni mimi," akasema. "Sitaki mtu mwingine aziguse."

Kesho yake alichukua jembe, nikamfuata. Kila mzabibu aliukwaruza kwanza kwa ukucha, akaangalia, ndipo akauchimba. Alipofika katikati akaketi juu ya rundo la mizizi. Baba, ambaye hakutoa chozi kaburini kwa mama, alilia mbele yangu bila kujificha, makamasi yakimtoka. Nilichukua jembe nikachimba iliyobaki, nikilia pia, naye akawa ananipokea kila mti na kuulaza chini polepole.

Tulipomaliza alisimama akatazama udongo mtupu. Akajipangusa uso kwa kofia yake.

"Maitu," akaniuliza, "kesho asubuhi nitaamka niende wapi?"

Nilimshika mkono tukarudi nyumbani.