Miaka Sita na Kaye ya Uzito, Nyakasanza

Siku ya kwanza nilifika ku kazi na mutoto wa miezi tatu ku mugongo. Ilikuwa kituo ya afya moja ndogo hapa Nyakasanza, mu muji ya Bunia, siye tunaiita tu sante. Titulere, ndiye munganga mwenye kusimamia sante yote na kujibu juu ya kila kitu, aliniangalia kuanzia kichwa mpaka ku miguu.

"Huyu naye iko na diplome?" akauliza, akionyesha mutoto.

"Huyu ananyonya, Titulere. Siwezi kumuacha nyumbani."

"Sante haiko nyumba ya kulelea batoto."

"Basi nirudi?"

Akanyoosha mikono, akachukua mutoto, akamuweka ku balansi ya watoto, akasoma, akaandika uzito yake ku kipande ya karatasi na kunipa. "Unanyonyesha muzuri," akasema. "Ingia. Kazi haingojee."

Ninaandika haya kwa wasichana watakaoshika kazi hii nyuma yangu. Niko na miaka makumi mbili na nane, na nikisema "wakati yetu" watu wanacheka. Wacheke. Nimefanya hii kazi miaka sita na imeisha, kwa hiyo niko na haki ya kuikumbuka. Na niseme wazi: ninaandika na kasirani. Kasirani ndiyo ilinifundisha nusu ya hii kazi. Lakini mukifika mwisho mutaona kama shukrani ndiyo iko mingi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mugonjwa wa sukari ama wa tansio, ndiyo presha ya damu, mwenye mwili umepita kipimo, alikuwa anapewa kaye, daftari ya shule ya kawaida. Ukurasa moja ni juma moja. Mimi ndiye nilikuwa nachora kolone, mistari ya kushuka chini: asubuhi, midi ndiyo saa sita, mangaribi, na ya mwisho kutembea, dakika ngapi. Mugonjwa anaandika kila kitu anakula. Kila siku ya tatu ya juma analeta kaye, ninasoma, ninamupima.

Kupima nako kuna sheria yake. Saa ile ile, mbele ya kula. Balansi irudi ku zero. Viatu chini, telefone chini, funguo chini, na kikwembe, ile kitenge ya juu, itoke. Mama akipanda na vikwembe tatu na kilemba, haupimi mutu, unapima duka. Kisha unazungusha metre ya fundi wa nguo ku tumbo, maana kuna juma balansi inakataa kusogea lakini tumbo imepungua, na mugonjwa akiona hiyo anapata nguvu ya kuendelea.

Shida kubwa haikuwa kupima. Kwetu mutu akikonda, wanauliza kama ni mugonjwa, ama kama bwana yake ameacha kumulisha. Weye unakuja kumwambia mama wa watu akonde kwa kupenda! Nilitukanwa. Bwana mumoja alikuja kuniuliza nilimutakia bibi yake mabaya gani. Nilimwambia apande yeye mwenyewe ku balansi. Alipanda. Juma iliyofuata yeye pia alikuwa na kaye.

Kisha mwaka wa kwanza walinituma Ariwara, miezi nane. Ni muji ya soko, watu wanakaa ku meza ya biashara toka asubuhi mpaka mangaribi, soda ku mukono, na kwenda hatua makumi tano wanaita moto, ndiyo pikipiki. Mukubwa wangu kule alikuwa Siperviza, mama munene kidogo ambaye kila juma alikuwa anajipima yeye wa kwanza, mbele ya wagonjwa wote, na kusoma uzito yake kwa sauti. Tulikuwa na makaratasi ya picha ya chakula bora, yalitoka mbali: tufaha, jibini nyeupe, majani fulani ya kijani kama muti mudogo.

"Nani anakula hii hapa?" akaniuliza.

"Hakuna, Siperviza."

"Basi uzitumie kufunika ndoo."

Ndiye alinifundisha kupima chakula na mukono. Bugali, ngumi yako moja. Samaki ama nyama, kiganja. Sombe, majani ya muhogo, na mboga zingine, mikono mbili ikiunganishwa. Mafuta ya mawese, kidole gumba na isipite. "Kaye mutu anaweza kuisahau," akasema. "Mukono atausahau wapi?" Akanifundisha tena: usimuulize mutu amekula nini. Umuulize aliamuka saa ngapi, alitoka saa ngapi, alipita wapi, alikuta nani. Ufuate siku yake yote, chakula utaikuta mu njia. Nilisema ndiyo, ndiyo, Siperviza. Niliporudi Bunia nilisahau ile ya pili. Huyu mama ninamushukuru mpaka leo, na ninaona haya.

Niliporudi, kisha kuzaa mutoto wa pili, ndipo nilikuta Mama Esta. Muchuuzi wa vikwembe, familia yake ilihama kutoka upande wa Butembo. Alikuwa na sukari, na tena alikuwa na uvimbe mu kizazi. Kila mwezi alikuwa anatoka damu mpaka anashika ukuta akisimama. Uvimbe ilipaswa kutoka. Lakini Daktari, yule wa kupita mara moja kwa mwezi, alikataa kumupasua. "Na sukari hii, kidonda haitafunga," akamwambia. "Ushushe sukari, upunguze kilo nane, ndipo urudi kwangu." Ku upande yetu nafasi za kufuatwa zilikuwa kidogo, na Titulere alikuwa na sheria yake: mwenye kudanganya anaachia mwengine.

Juma sita nilisoma kaye ya Mama Esta. Kaye nzuri kuliko zote! Asubuhi, chai bila sukari. Midi, ngumi moja, mboga, samaki kiganja. Mangaribi vilevile. Kutembea, dakika makumi sita, kila siku ya Mungu. Na balansi? Ilipanda kilo moja.

Titulere alisoma kaye, akasoma balansi, akafunga kaye. "Anadanganya. Umutoe ku liste."

Nilitoka inje ku benchi ambako wagonjwa walikuwa wanangoja. Sikungoja hata tuwe wawili. "Mama Esta! Unacheza na uzima yako? Unakuja kutuandikia uongo hapa?"

Watu wote waligeuka. Yeye hakupandisha sauti. "Mutoto wangu, mimi ninaogopa Mungu. Vyote niliandika ni vya kweli."

"Basi hizi kilo zinatoka wapi?"

"Uulize balansi yako. Ndiyo munakaa naye."

Benchi nzima ilicheka. Nilisikia masikio inawaka. Nikamwambia kesho nitatembea naye, hatua kwa hatua. Nisiwadanganye: nilienda kumukamata.

Asubuhi saa kumi na mbili nilikuwa ku parsele yake, kiwanja ya nyumba yake, na mutoto wangu wa pili ku mugongo. Chai bila sukari, kweli, niliona na macho yangu. Tulitoka. Mama huyu anatembea! Mimi ndiye nilikuwa ninahema. Tulipita parsele mbili, ya tatu sauti ikatoka mu lupango, ndani ya uwa.

"Mama Esta! Leo unapita tu kama vile nyumba haina watu?"

Ilikuwa Koko mumoja, muzee mwanamuke wa familia ya hapa, watu wa ngombe toka zamani. Tuliingia. Kulikuwa maziwa ya moto na sukari ndani, na kiazi tamu. Mama Esta akakaa, akanywa, akakula, akauliza habari ya wajukuu, akaomba njia. Nyumba ingine, mama wa kikundi yao ya maombi: chai nzito, mukate na avoka. Ya tatu, ndizi tamu na karanga. Ya nne sikumbuki muzuri, maana tumbo yangu nayo ilikuwa imejaa. Kati ya nyumba na nyumba tulikuwa tunatembea kabisa. Dakika makumi sita zilikuwa pale zote.

"Mama," nikasema, "hivi vyote utaviandika wapi?"

Aliniangalia kama vile nimeuliza jua inalala wapi. "Niandike ya nini? Asubuhi nilikunywa chai, uliona. Hii si chakula yangu. Hii ni salamu za watu."

Nilisimama katikati ya barabara, moto zinapiga honi nyuma yangu. Kasirani yangu ilikuwa mingi lakini sasa haikuwa na mutu wa kwenda kwake. Nani alichora asubuhi, midi, mangaribi? Mimi. Kaye yangu ilikuwa inauliza habari ya sufuria yake tu, naye alijibu habari ya sufuria yake, bila kudanganya hata neno moja. Na mimi nilimwita muongo mbele ya watu.

Nilimueleza Titulere. Alichukua liste na kuandika jina ya Mama Esta tena, na kalamu yake mwenyewe. "Nimekosea," akasema. Wakubwa wangapi munajua wanasema hiyo neno? Mimi ninajua mumoja.

Siku ya tatu ya juma iliyofuata nilienda ku benchi. "Mama Esta, unisamehe."

"Unasema?"

"Unisamehe, Mama."

"Sauti kidogo namna hiyo? Siku ile ulinitukana mpaka watu wa moto ku barabara wakasikia. Uombe musamaha na sauti ile ile."

Nikaomba musamaha kwa sauti kubwa. Watu wakapiga makofi. Mama Esta akanikumbatia, na ile siku nilichora kolone ya tano mu kaye zote za sante: Kwa watu.

Lakini kuandika peke yake hakumuponyeshi mutu. Nilimwambia aanze kukataa. "Nikatae maziwa ya Koko?" akasema. "Kesho nitapita barabara gani?" Alikuwa na haki. Yeye ni mugeni aliyepokelewa hapa, na alipokelewa na vikombe hivyo. Basi nikaenda naye kwa Koko, na nikasema mimi.

Koko alikasirika. "Mutoto wa juzi, unakuja kunifundisha namna ya kupokea mutu mu nyumba yangu?"

"Koko, kila kikombe ya sukari inasukuma operasyo mbele. Yeye anamaliza damu. Unataka kumupokea, ama unataka kumuzika?"

Nilisikia mimi mwenyewe kama neno ilikuwa kali. Koko alimugeukia Mama Esta. "Ni kweli unatoka damu?" Hakujua. Mama Esta akainamisha kichwa. Koko akashika mukono yake, akakaa nayo tu.

"Sasa nimupe nini?" akaniuliza kisha. "Maji? Maji tu, kama mutu wa kupita njia?"

Ndipo Mama Esta akasema: "Koko, unipe maji mu kikombe ile ya maziwa."

Hivyo ndivyo ilifanyika. Kikombe ile ile, na kisahani yake chini, na kiti ile ile, na habari za wajukuu zote. Nyumba zingine zilifuata. Koko akageuka polisi: Mama Esta akifika tu, anauliza, "Na kule nyuma walikupa nini? Onyesha kaye." Yeye hajui kusoma, lakini alikuwa anaiangalia.

Uzito haikushuka kama jiwe. Kuna juma ya kilio, ya matanga, ilipanda, maana ku kilio nani atakataa sahani? Kuna juma ilikataa kusogea, nikatoa metre ya fundi. Mwezi wa tano toka siku ile ya Koko, Daktari alisoma karatasi ya sukari, akasoma balansi, akamwangalia Mama Esta, akasema neno moja: "Njoo." Alipasuliwa. Kidonda ilifunga. Alirudi ku soko na vikwembe vyake, na alipopita ku sante, aliingia mu byuro yangu bila kubisha mulango, akasimama wima mbele yangu bila kushika ukuta.

Sasa kazi yangu imeisha. Wakubwa wa juu ya Titulere walitafuta mutu mwenye diplome ya lishe ya shule kubwa, na mimi niko na ya segondere tu. Waliniambia ku mulango, nikiwa nimebeba mutoto na ndoo. Kasirani ya hiyo bado ninayo na sitaificha. Lakini Titulere alienda kunitetea mara mbili, na mara ya pili alivaa koti. Ninamushukuru. Ninashukuru Siperviza, ninashukuru Koko aliyeniacha niseme vibaya mu nyumba yake. Watoto wangu wawili walikuwa mu mikono ya wagonjwa wangu, wamama wenye nilikuwa ninawagombeza kila juma. Hakuna aliyekataa kubeba.

Musichana mwenye kuchukua nafasi yangu alifika na makaratasi yamechapwa muzuri, kolone ine. Nilimuonyesha kaye zangu.

"Hii ya tano haiko mu modele, Yaya," akasema kwa heshima, kama kwa dada mukubwa. "Tuliisoma: milo tatu na mazoezi."

Sikubishana naye. Nilimwambia kesho asubuhi atembee na Mama Esta, mpaka soko, kisha arudi tuongee.

Alirudi saa sita. Mama Esta alikuwa nyuma yake, amekunywa maji ku nyumba zote, anacheka peke yake. Musichana yeye alikuwa mugeni mupya, mwembamba, na nyumba zote zilimuona, na hakuna iliyomupa maji. Alikaa ku kiti polepole, mukono ku tumbo, akafungua vifungo ya koti. Alivuta makaratasi yake yaliyochapwa, akayaangalia.

"Yaya," akasema, "rula iko wapi?"